Darubini ya Bastola ya Ami Marhoon

Msinisifu kwa kusoma. Nnasema mapema, maana kila anayekuja hapa kwetu na kijikaratasi cha dawa au barua ya kizungu huniambia, "Nasriya, Mungu kakujaalia," na mimi uso hunishuka nikatamani nimtoe nje. Kusoma kwangu kumempofua mtu jicho, na mtu mwenyewe ndiye aliyetuweka nyumbani kwake.

Ami Marhoon ni ndugu wa baba wa mume wangu, Majid. Tulipofika Maskati mwaka sitini na nne, tumetoka Unguja na vifurushi viwili na mtoto mgonjwa, yeye ndiye aliyetufungulia mlango. Hakuuliza tutakaa siku ngapi. Alitupa chumba cha juu, na kila akirudi kuwinda kule nyuma ya milima ya Amirat, pande la kwanza la nyama lilikuwa la mwanangu. Lakini ulimi wake, jamani! Ujanani alikaa Unguja, Kiswahili anakijua barabara, kwa hivyo alinikejeli kwa lugha mbili. Nikisema Kiarabu mbele ya wageni ananiigiza, sauti kaibana puani, macho kayakodoa, watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mkewe, Bi Shaikha, akimkanya, hujibu, "Namtania tu, huyu si mwanangu?" Wenziwe walicheka wakasahau. Mie sisahau. Nna kinyongo, sikatai.

Mwaka sitini na nane alianguka kutoka juu ya ngamia, bega likavunjika. Bunduki ikawa haimkubali tena, maana kila akipiga, kitako kinamrudia palepale pabovu. Akawa anashinda barazani, hana raha, hali vizuri. Kisha mzungu mmoja wa kambi ya mafuta, ambaye Ami alikuwa akimwongoza njia jangwani, alipokuwa anarudi kwao akampa bastola kubwa ya risasi sita, ya aina wanayowindia huko kwao. Ami akafufuka! Ila umri umekwenda, ile nukta ya kulengea ya mbele alikuwa haioni. Sleyum, mwenye duka katika soko la Matrah, akamwagizia kutoka Bahareni darubini mbili za kufunga juu ya silaha, moja ndefu na moja fupi, akampa zote aje nazo nyumbani. Achague moja, ya pili airudishe.

Ilikuwa Ijumaa. Asubuhi yake alikuwa keshaniigiza mbele ya majirani, na mie nimekwenda jikoni nimelia. Alasiri akaniita. "Njoo, bingwa wa Kiingereza! Tusomee tujue ipi."

Nilikwenda na mtandio wangu nimeuvuta mpaka kwenye nyusi, nikaketi karibu na Bi Shaikha, nikazisoma karatasi zote mbili kimoyomoyo. Mie nimesoma skuli ya wasichana Unguja, Kiingereza changu si cha kubahatisha. Karatasi zilisema waziwazi. Darubini ndefu ni ya bunduki, jicho likae vidole vinne tu kutoka kwenye kioo. Fupi ni ya bastola, mtu anyooshe mikono yote miwili ndiyo ataona. Na chini, kwa herufi nene, wameandika kwamba anayeifunga ile ndefu kwenye bastola itambidi ailete usoni ili aone, na bastola ikilia itaruka nyuma imuumize jicho.

"Hii ndefu ni ya bunduki, Ami," nikaanza.

"Nani kakuuliza habari za bunduki? Lo! Leo mwanamke anifunze mie silaha!" Akamgeukia Majid aliyeketi kando yake, wakacheka. Naam, na mume wangu alicheka. "Nnachotaka kujua, ipi inavuta karibu zaidi?"

"Ndefu."

"Si nilisema!" Akaishika, akaipangusa kwa ncha ya kilemba. Kisha akaniangalia, na sauti ikamlegea. "Lakini soma vyema, mwanangu. Karatasi haina neno jingine?"

Aliniuliza. Angalikuwa hakuniuliza ningalijitetea mpaka kesho, ningalisema nilikatwa kauli. Lakini aliuliza, tena kwa upole, na mie nilikuwa nimekishika kile kijikaratasi, kidole changu kiko juu ya zile herufi nene.

"Haina," nikasema.

Nataka mjue nilichokuwa nakitaka. Nilitaka aadhirike. Nilimwona kwa mawazo akinyoosha mikono yake huko bondeni, hakuna anachokiona ila giza, arudi Matrah na darubini yake, Sleyum amcheke mbele ya soko zima. Siku moja tu, na yeye achekwe. Habari ya jicho nilijiambia wazungu wanaogopa kila kitu, hata kwenye chupa ya dawa ya kikohozi wanaandika tahadhari. Nikainuka nikenda kuchambua mchele.

Walitoka kuwinda Jumatatu, yeye na Majid. Jumanne adhuhuri gari likasimama mlangoni, Majid akashuka kanzu imejaa damu. Nilidhani ni yake. Mara nikamwona Ami nyuma yake, uso umefungwa kilemba, anashikwa mkono.

Majid alitueleza. Walimwona swala. Ami akanyoosha mikono, akasema haoni kitu. Akaisogeza. Haoni. Akaisogeza tena mpaka karibu na uso, akasema, "Alhamdulillahi, nnamwona mpaka masikio," akapiga. Chuma cha darubini kikamwingia kwenye jicho la kulia. Hospitali walimshughulikia siku tisa, mwisho daktari akasema jicho limekwisha.

Siku hiyo Bi Shaikha alipiga ukelele ambao sijausahau. Mie nilisimama nyuma ya mlango, na neno moja linanizunguka kichwani: haina, haina, haina.

Basi subirini, kibaya zaidi bado. Aliporudi nyumbani Ami hakumlaumu mtu. Kila mgeni aliyekuja kumjulia hali alimwambia, "Ujuba wangu huu. Nasriya alitaka kunieleza, alianza kabisa kusema ni ya bunduki, mie nikamkata. Mtoto mwenye elimu, na mie nikamdharau." Akasema hivyo kwa majirani, akasema kwa Sleyum alipokuja kumpa pole, akasema mpaka kwa imamu. Tangu hapo hakuniigiza tena. Nikisema Kiarabu changu kibovu akawanyamazisha watu wanisikilize. Wanawake wakaanza kuniletea barua zao. Heshima niliyoililia miaka mitano nikaipata yote. Na nilinyamaza, jamani! Mwezi mzima nilinyamaza, nikapokea pole na sifa kwa mikono miwili. Sijui nilikuwa mtu gani.

Siku moja akaniita barazani. Bi Shaikha alikuwapo, anamtilia dawa. Ile darubini fupi ilikuwa juu ya mkeka, na bastola imewekwa kando yake.

"Sleyum kanirejeshea hii," akasema. "Jicho la kushoto lipo, na mikono ipo. Nikikaa humu ndani ntakufa kabla ya siku yangu. Lakini safari hii sisemi kitu, mwanangu. Utasoma wewe, na utakalosema wewe ndilo. Nimeshakukabidhi jicho langu hili."

Nilijaribu kusoma. Wallahi nilijaribu, herufi zikaniogelea. Nikaiweka karatasi chini.

"Ami, siku ile neno jingine lilikuwapo."

"Neno gani?"

"Kwamba ndefu itakuumiza jicho. Nililisoma. Uliponiuliza nikakwambia haina. Nilikuwa na hasira na wewe, nilitaka uchekwe. Nisamehe, Ami, nisamehe!" Nikaangukia miguu yake nikilia.

Chupa ya dawa ilimponyoka Bi Shaikha. Ami hakunigusa, wala hakunisukuma. Heri angenipiga.

"Mwiteni Majid aje anisomee," akasema.

"Majid hajui Kiingereza, Ami," nikasema.

"Nnajua."

Majid akaja. Skuli aliiacha mapema, anajua tarakimu na maneno mawili matatu ya sokoni. Aliigeuza karatasi huku na huku, jasho linamtoka, akaona tarakimu akazikamata. Akasema, "Nadhani, Ami, hapa wanasema iwe karibu na jicho, kama vidole vinane hivi."

"Siyo!" nikapiga kelele. "Mikono inyooshwe, Ami! Inyooshwe yote miwili, usiilete usoni!"

Ami Marhoon alikuwa amemgeuzia Majid uso, anamsikiliza kwa makini.

"Vidole vinane," akasema. "Endelea, Majid."