Walengwa wa Mang'ola

Saa mbili asubuhi Stumai alikuwa bado anabishana juu ya muhuri. Mzee Hhando, mwenyekiti wa kitongoji kimoja cha Mang'ola, alikuwa ameshaisoma mara mbili barua ya kampuni, iliyotaja utafiti wa kaya tu, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kingine, halafu akairudisha mezani.

"Barua ni nzuri. Ila haina muhuri wa kata."

"Mzee wangu, kata wamesema nianzie kwako."

"Wamesema kwa mdomo. Mdomo hauna muhuri." Macho yake yalishuka mpaka kwenye katoni lililokuwa miguuni pa Stumai. "Na humo mna nini?"

Stumai akatoa mche mmoja wa sabuni ya kuogea, mnene, wa kijani, unaonukia ndimu. Mzee Hhando akaunusa, akaufungia kwenye droo. Habari ya muhuri ikaishia hapo.

Stumai hakuwa na muda wa kuchezea. Ilikuwa siku yake ya mwisho ya majaribio katika kampuni ya sabuni. Kabla ya saa kumi alitakiwa awe ametuma kwa simu fomu za watu arobaini wa kundi B: wenye friji, wenye televisheni, wanaopika kwa gesi. Hao ndio wa kuonyeshwa sabuni. Kundi C waambiwe asante. Kundi D, wasio na kitu, hata wasipotezewe muda. Akifikisha arobaini, anapata mkataba wa mwaka mzima. Asipofikisha, anarudi kuchuma kahawa kwenye mashamba ya Karatu, kazi aliyoifanya misimu minne na kuapa hairudii.

"Sasa unatafuta watu gani hasa?" mzee Hhando akauliza.

"Walengwa, mzee."

Jamani, Stumai! Wiki nzima ya mafunzo Arusha alikuwa amelishwa neno hilo asubuhi na jioni: soko lengwa, mteja lengwa, walengwa wetu ni nani, walengwa wetu wako wapi. Limemkaa mdomoni mpaka akasahau kwamba huku vijijini, tangu kaya maskini zianze kupewa ruzuku, mlengwa ni mtu mmoja tu: yule maskini anayeandikwa ili apewe hela.

Mzee Hhando alisimama kwa heshima ambayo hakuwa nayo dakika moja kabla. Akachukua kipaza sauti chake cha betri, akatoka nje.

"Tangazo! Walengwa wote wafike banda la vitunguu. Dada wa kuandika amekuja!"

Ndani ya nusu saa Stumai alikuwa hana pa kuweka mguu. Wachambuzi wa vitunguu waliacha visu juu ya magunia. Watu walitoka mashambani, wengine walitoka vitandani. Alivyofurahi! Kijiji gani hiki kinachopenda utafiti namna hii? Akakaa juu ya debe, akafungua simu, akaanza.

Wa kwanza alikuwa Selestina, mchambuzi kutoka Singida, mwanamke wa kicheko kikubwa. Leo hakucheka. Hereni alikuwa amezivua, na kanga aliyovaa ilikuwa na matundu ya kupitisha mkono.

"Una friji, dada?"

"Friji ndiyo nini?"

"Unapika kwa gesi?"

"Hata kuni naomba kwa jirani."

"Unaogea sabuni gani?"

Selestina akashusha pumzi. "Sabuni, dada yangu, tunazisikia tu."

Simu ikaita kifuani mwake, ndani ya kanga. Akakohoa kwa nguvu mpaka ikanyamaza.

Baada yake akaja Mwanamisi, mwenye duka pale pale mbele ya banda, yule anayeuza soda za baridi kila mtu anajua. Stumai akachungulia dukani, akaona kitu kirefu kimefunikwa kanga mbili.

"Lile siyo friji, mama?"

"Kabati la marehemu shangazi," akasema Mwanamisi bila kupepesa. "Hata halifungi vizuri, wallahi."

Wakaja hivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja maskini kuliko aliyetangulia. Mzee Hhando mwenyewe alipanga foleni, viatu amevificha, na fimbo ya kutembelea ambayo asubuhi hakuwa nayo. Stumai aliandika mpaka kidole gumba kikafa ganzi. Ilipofika saa nane alikuwa ametuma watu arobaini kamili. Kwa haraka aliyokuwa nayo alihesabu vichwa tu, makundi akauachia mfumo wa kompyuta. Akajinyoosha, akajiona tayari ana mkataba mkononi.

Simu ikaita. Alikuwa Fredrick, msimamizi wake, kutoka Arusha.

"Stumai, uko wapi wewe? Kwenye mfumo naona D tupu! Watu arobaini, hakuna hata mmoja anayeogea sabuni?"

"Ndivyo walivyosema, bosi."

"Arobaini, Stumai!"

Hapo ndipo akainua macho, akawatazama vizuri. Matambara yale. Fimbo ile. Na mafuta ya nywele yaliyokuwa yakinukia banda zima. Neno alilolitamka asubuhi likamrudia: walengwa.

"Mama zangu," akasema, "mmekuja kwa ajili ya ruzuku?"

"Sasa wewe umekuja kwa ajili ya nini?" Selestina akauliza.

"Sabuni. Natafuta wa kununua sabuni."

Mwanamisi akapiga makofi.

"Yaani friji langu nimelifunika kanga bure? Soda zangu zimechemka bure?"

Wee! Banda lilivunjika kwa kicheko. Selestina alikaa chini kabisa, machozi yanamtoka, akaitoa simu kifuani, akazivaa hereni zake. Walichekana mmoja mmoja, na mzee Hhando alichekwa kuliko wote. "Mwenyekiti, fimbo hiyo umeiazima kwa nani?" Stumai naye akacheka, ingawa alikuwa karibu kulia.

"Futa basi, tuandike upya," wakamwambia. "Andika Mwanamisi ana friji!"

"Haifutiki. Jina la mtu linaingia kwenye mfumo mara moja tu."

"Basi hiyo sabuni yenyewe iko wapi?"

Akalifungua katoni. Selestina alinawa kwenye mfereji wa kando ya banda mpaka kwenye viwiko, akanusa viganja, akavinusa tena, akaruka.

"Nyie, kitunguu kimetoka! Miaka mitano mume wangu analala kanipa mgongo!"

Tatizo likawa ukubwa. Mche mzima, nani atamaliza? Selestina akachukua kisu chake cha vitunguu, akaukata vipande vinne kama anakata mkate. Kila mtu na kipande chake, kila mtu na mia tano yake. Saa kumi kasorobo katoni lilikuwa tupu, na Mwanamisi anataka makatoni mengine matano ya dukani.

Fredrick akapiga tena.

"Mkataba haupo, Stumai. Katoni ulirudishe kesho."

Iliuma.

"Limekwisha, bosi. Nimeuza."

"Umemuuzia nani?"

"Hao hao kundi D. Na wanataka mengine matano."

"Haiwezekani. Mfumo unaonyesha hawana uwezo. Mang'ola tumeshaifunga, mzigo hauji huko. Na hizo kelele ni za nini?"

Stumai akageuka. Mferejini wanawake walikuwa wakimwagiana maji, mapovu mpaka mabegani, Mwanamisi akimkimbiza mwenyekiti na ndoo.

"Ni wale arobaini wako wasiojua sabuni," akasema. "Ngoja uwasikie."

Akanyoosha mkono wenye simu kuelekea mferejini, akaushikilia hapo hapo.