Bahasha Isiyo na Stempu

Mtaani kwetu Butimba walimpachika baba yangu jina: Mzee Mbizi. Usidhani ni heshima. Akipita kwenda dukani, hakosi mtu wa kuuliza, "Mzee Mbizi, leo umeopoa mifuko mingapi?" Halafu kicheko. Mimi damu ilikuwa inanichemka.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1937 baba, Shimba, alikuwa kuli bandarini Mwanza. Meli ya moshi kutoka Bukoba ilikuwa inashusha mizigo, upepo ukaiyumbisha, mfuko wa barua ukatumbukia ziwani. Baba akajitosa, akautoa. Basi. Lakini wenzake walioona wamekufa au wamehama, na hakuna aliyemwamini. Mwisho akaacha kusimulia. Hilo ndilo lililoniuma. Mzee mwenye maneno mengi vile akawa anashinda kimya na redio yake.

Ndipo nikaanza kukusanya barua za meli. Nilijiambia, barua ikilowa, lazima karani wa posta aandike sababu juu ya bahasha. Miaka saba, tangu mwaka wa Azimio la Arusha, nilibisha hodi kwa wenye maduka Nyamagana, kwa mapadre, kwa wajane wa mabaharia, nikiomba bahasha kuukuu zenye muhuri wa meli. Nilipata mia mbili na kitu. Za mwaka 1937 zilikuwa tatu tu, tena kavu kabisa.

Jirani yetu Mwalimu Lwakatare, balozi wetu wa nyumba kumi, naye alikuwa mkusanyaji. Ndiye aliyeanzisha lile jina la Mbizi. Yeye alitaka stempu tu. Analoweka bahasha kwenye beseni, stempu ikibanduka anaiweka kwenye albamu, bahasha anampa mkewe Immaculata awashie jiko. Mungu wangu! Muhuri wa meli unaungua ili ndizi ziive!

Jumamosi moja nilimkuta na sanduku zima la barua za mfanyabiashara wa ngozi wa zamani wa hapa mjini.

"Hizi hazina hata stempu," akasema, akisukuma kirundo kwa mguu. "Chukua, dada Teodora, ukawashie jiko na wewe."

Nikachukua. Ya nne ilikuwa imekunjamana, wino umesambaa. Nikaigeuza nyuma. Nikasoma maneno ya karani, nikaketi pale pale kwenye ngazi yao. Nikaifutika kangani. Niliaga kwa adabu zote, na kwa jinsi anavyonijua, hapo angepaswa kuogopa.

Kesho yake tulikuwa na mkutano wa nyumba kumi. Yalipokwisha ya shamba la pamoja na ya foleni ya sukari, nikanyoosha mkono.

"Ndugu Balozi, naomba utusomee hii. Kwa sauti."

Akavaa miwani, akaanza kwa sauti yake ya darasani. "'Imelowa, stempu imebanduka, mpokeaji asitozwe faini. Mfuko ulitumbukia ziwani kutoka melini, ukaopolewa na...'"

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Endelea, Mwalimu."

"'...na kuli Shimba, Mwanza, tarehe 9 Machi 1937.'"

"Rudia! Wa nyuma hawajasikia!"

Akarudia. Aliyepiga kigelegele cha kwanza ni Immaculata, mkewe mwenyewe! Watu wakadakia. Nililia huku nacheka, wala sioni aibu. Na Lwakatare, nimpe haki yake, alikwenda moja kwa moja mpaka kwa baba, aliyekuwa ameketi pembeni kwenye kigoda, akainama. "Shikamoo, mzee. Nisamehe."

"Marahaba," baba akajibu.

Nikampa bahasha. Hajui kusoma. Akaipapasa pande zote, kisha akaniuliza, "Na ilifika?"

Miaka saba, na mimi sikuwahi kujiuliza hilo.

"Ilifika, baba. Tazama, imechanwa hapa juu. Mwenyewe aliifungua akaisoma."

"Ilifika!" akawatangazia watu, machozi yakimtoka. "Mnasikia? Ilifika!"

Kisha akavuta kigoda chake katikati, akaanza kusimulia upya, tangu asubuhi ya siku ile. Safari hii mifuko ikawa miwili. Lwakatare alifungua mdomo. Nikamkazia macho, akaufunga.