Sahani za Nora

Izki nzima, mji mdogo mbali na Maskati, ilijua kwamba Nora, mke ambaye Nadhir alimtoa Ireland, amepanda viazi nyuma ya nyumba ya mkwewe. Kwao hupandwa baridi ikiondoka. Huku mkwewe, Bi Alya, alimwambia angoje jua lipoe. Zamu yao ya maji ya falaji, mfereji wa mtaa mzima, ikifika, wote wawili hukunja nguo na majembe mkononi. Februari bustani ikatoa viazi, kabichi na vitunguu vya majani. Nora akaviponda kwa siagi na maziwa kama mamake, akajaza sahani, akawapelekea majirani.

Sahani zikarudi na haluwa. Zikarudi na vitumbua, na tende, na mandazi ya iliki.

"Wanakipenda, mama!" alisema Nora, kwa Kiswahili alichokiokota jikoni kwa Bi Alya.

"Alhamdulillahi," alijibu Bi Alya, akaendelea kuchambua mchele. Alijua chakula kile kinaishia wapi. Lakini Nadhir alikwishapata kazi Maskati, pamoja na nyumba, na anayekataa kuhama ni Nora.

"Huku nina watu," alimwambia mumewe. "Kule nitakaa na nani, na kiyoyozi?"

Kwa hivyo Bi Alya akanyamaza.

Nora akaalika mtaa mzima chakula cha mchana. Akanunua kondoo wa Mudhaibi, akamchemsha taratibu na viazi na karoti za bustanini, akaoka mkate wa magadi uliokandwa kwa laban, maziwa ya mgando.

Wakaja, tena wakajaa, mlangoni hapana pa kuvulia kiatu. Lakini kila mmoja kaja na hotipoti lake kwapani. Shukriya wa nyumba ya pili, ambaye habari za Izki hupita kwake kwanza, akafunua biriani katikati ya sufra iliyotandikwa chini.

"Hatukutaka uchoke peke yako, mwanangu."

Wakala, wakacheka, wakasengenya harusi moja ya huko Samail. Sufuria ya Nora haikuguswa na mtu.

"Bi Shukriya, onja kidogo."

"Nimeshiba, habibti."

"Na biriani unaongeza?"

Shukriya akaweka kijiko. "Basi nisikufiche. Nimesikia watu wa kwenu nyama mnaichemsha na bia."

"Nimepika mbele ya mama. Mama, waambie!"

Bi Alya aliinamia sahani yake. Ilikuwa na biriani.

"Na sahani zangu?" Nora akauliza. "Mlizirudisha na haluwa."

"Sahani ya jirani hairudi tupu, ni aibu. Ndiyo adabu yetu."

"Na chakula kilikwenda wapi?"

Khulood, binti wa Shukriya, kicheko kikamtoka. "Mbuzi zetu zimenona, wallahi!"

Wageni walipoondoka, vyombo vyao vilibaki. Nora akaviosha, akavikausha, akavipeleka mlango kwa mlango. Shukriya akafunua hotipoti lake, akachungulia ndani.

"Hata tende moja?"

"Leo mbuzi watalala na njaa, bibi," Nora akasema, akageuka zake. Alipofika nyumbani alimwambia Nadhir aikubali kazi.

Zamu ya maji iliyofuata Bi Alya alikunja nguo peke yake. Akachimba viazi vilivyobaki, akaviponda kwa siagi na maziwa kama alivyomwona mwenzake akifanya, akaonja kwa mara ya kwanza. Vilikuwa vitamu. Akavimaliza vyote, akaiosha sahani, akairudisha kabatini.