Mpira wa Mita Arobaini

"Themanini na saba," alisema mzee, na bintiye aliyekaa juu ya jiwe akaandika.

"Na jana?"

"Themanini na saba."

"Na juzi?"

"Usinichokoze, mama. Andika na saa."

Alikuwa ameinama ndani ya maji, mabuti ya mpira yakimfika chini ya magoti, uso wake karibu kugusana na nguzo. Hivyo ndivyo alivyoisoma kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa: jicho usawa wa maji, pumzi kaibana, kisha tarakimu. Nguzo yenyewe ilikuwa ubao mweupe wa mita mbili, umechorwa sentimita kwa sentimita na kukitwa katika matope meusi ya kinamasi. Penye mia moja na hamsini palipita mstari mwekundu. Sokoni walimwita Mzee Sentimita. Walisema hata mchumba wake alimpima kwanza ndipo akapeleka posa, na aliyeuanzisha mzaha huo alikuwa mkewe mwenyewe.

Akainua darubini, akaipitisha polepole juu ya matete, kisha juu ya nyasi ndefu zilizoenda mpaka upeo wa macho. Korongo wanne. Akairudisha tena kutoka kulia, kama alivyofundishwa. Wanne wale wale. Mwaka wa kwanza wa kazi aliandika mia mbili na kumi na mbili, na mkono ulimuuma.

"Wanne," alisema.

Bintiye hakuandika. Alikuwa anaitazama miguu yake inavyoning'inia.

"Baba, mawe yanakua?"

"Mawe hayakui."

"Mbona nilikuwa nakaa hapa hapa nikichezea maji kwa miguu? Mama akinigombeza kwamba nalowesha sketi. Sasa tazama." Chini ya nyayo zake palikuwa na nyasi, na nyasi zilikuwa kavu. "Na miguu yangu imerefuka tangu wakati ule, haijafupika."

Alitaka kucheka. Akatoka majini, akaenda mpaka kwenye jiwe, akaweka kiganja ubavuni mwa jiwe. Kulikuwa na ukoko mweupe, alama ya zamani ya maji, na ulikuwa usawa wa goti lake. Alikuwa amepita hapo kila siku. Macho yake yalikuwa kwenye nguzo.

Juu zaidi ya ukoko huo kulikuwa na msumari wa chuma uliopigwa ndani ya jiwe siku kituo cha kupimia maji kilipofunguliwa. Jiwe halisogei, aliwaeleza wakati ule mtafiti ambaye sasa wanamwita Daktari. Matope yanaweza kusogea. Kwa hiyo kila mwaka, kabla ya mvua, nguzo ilipaswa kulinganishwa na msumari kwa mpira wa maji, ule mpira mwangavu ambao mafundi huutumia kusawazisha msingi wa nyumba. Ncha moja kwenye jiwe, nyingine kwenye nguzo. Maji yakitulia kwenye msumari, upande wa pili yanapaswa kutulia kwenye mstari mwekundu. Ni kazi ya watu wawili. Mkewe ndiye aliyeshika ncha ya jiwe, mwaka baada ya mwaka, akipiga kelele kama anayeita watu shambani: "Juu! Juu kidogo! Basi, usiguse!"

Mwaka mkewe aliofariki, msimu ulipofika, yeye aliutoa stoo mpira ule wa mita arobaini, akakaa nao kizingitini umejikunja mapajani mpaka jua likawa kali. Angeweza kumwomba jirani. Lakini kutoka pale jiweni angesikia sauti ya mtu mwingine. Akaurudisha mpira stoo. Katika daftari, kwenye safu ya mwisho, akaandika: Sawa. Mwaka uliofuata mkono uliandika wenyewe.

"Kuna mpira stoo," alimwambia bintiye. "Nenda kaulete."

Walitumia nusu saa kuutoa hewa. Kila kiputo alikifuata kwa kidole, akikigonga gonga mpaka kikapanda na kutoka, maana kiputo kimoja tu kinatosha kuharibu kipimo. Kisha akaingia majini na ncha yake, akaiegemeza kwenye nguzo.

"Nifanye nini?" bintiye aliuliza.

"Niambie maji yakifika kwenye msumari."

"Bado. Inua. Juu, Baba! Juu kidogo!"

Akafumba macho kidogo. Alipoyafumbua, maji ndani ya mpira yalikuwa yameupita mstari mwekundu. Yalipanda, yakashuka, yakapanda tena. Yalipotulia yalikuwa kwenye mia moja tisini na tatu.

Alisoma mara tatu. Sentimita arobaini na tatu. Kinamasi kilikuwa kimekauka na kunywea, matope yameshuka, na nguzo imeshuka nayo taratibu, ikizama sambamba na maji. Yeye ameisoma kila asubuhi bila kukosea.

"Vipi?" bintiye aliita.

"Shuka, mama. Tunywe chai."

Daktari alifika alasiri. Alipoanza utafiti huu alikuwa mwanafunzi mwembamba asiyejua kutembea kwenye matope. Sasa alivaa miwani na nywele zilikuwa zimeanza mvi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Daktari. Pole na njia."

Alikaa kwenye kiti cha pekee chenye mgongo, akapokea chai kwa mikono miwili. "Nimekuja kuchukua vitabu," alisema. "Ijumaa tunakaa na wenye mashamba ya juu. Wanataka kupanua mfereji wao, unaochukua maji yanayokuja hapa, uwe mara mbili. Nami sina la kuwajibu, mzee. Ndege wameisha, lakini maji hayajashuka hata kidole. Na vitabu vyako ndivyo watakavyovishika. Wamevisifu sana. Wanasema hawajapata kuona mtu makini kama wewe."

Binti wa mzee akatazama chini. Kikombe cha Daktari kilikuwa kimebaki nusu. Madaftari kumi na tisa yalikuwa mezani, yamefungwa kwa kamba, tayari kuondoka. Ingetosha kunyamaza na kumsaidia kuyabeba mpaka kwenye gari.

"Ile safu ya mwisho," alisema mzee. "Usiiamini."

"Safu gani?"

"Ya jiwe. Miaka saba sikupima. Niliandika tu. Leo tumepima na huyu. Nguzo imezama arobaini na tatu."

Daktari aliweka kikombe chini, taratibu, kana kwamba meza ingevunjika.

"Miaka saba," alisema. Akahesabu mwenyewe, na alipofika mwanzo wa hesabu hiyo akamwangalia kwa macho mengine. Alikuwepo mazikoni. "Mzee, si ungeniita? Ningekuja kushika mimi."

"Sikupata neno la kuanzia."



"Unajua watakachosema," Daktari alisema. "Kama aliandika bila kupima, na hizo themanini na saba je? Alizisoma, au alizitunga kitandani?"

"Nilizisoma."

"Mimi najua."

"Zote nilizisoma."

"Najua, mzee. Ila wakubwa wangu..." Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akakaa nayo mkononi.

Mzee Sentimita akafungua kamba. Akachagua madaftari saba, akayapanga kwa miaka. Katika kila moja alitafuta neno lile, akalikata kwa mstari mmoja ili liendelee kusomeka, kama Daktari alivyomfundisha zamani, na pembeni akaandika: Haikupimwa. Akatia sahihi na tarehe. Kalamu ilikwama kwenye la tatu, akaichezesha kwenye kiganja mpaka wino ukatoka.

"Jua bado lipo," alisema alipomaliza. "Njoo uone kwa macho yako. Usije ukasema kwa maneno yangu."

Wakaenda wote watatu. Bintiye akapanda jiwe na ncha yake bila kuambiwa. Daktari aliingia majini na viatu vyake vya mjini, akasimama karibu na mzee aliyeshika ncha ya nguzo, daftari jipya kifuani.

"Juu," bintiye aliita. "Juu kidogo. Basi, usiguse!"

Ndani ya mpira maji yalipanda, yakashuka, yakapanda kidogo.

"Mia moja tisini na..." Daktari alianza.

"Subiri," alisema mzee, pumzi kaibana. "Bado hayajatulia."