Picha Mbili Dirishani

Miezi minne Rahila hakulala na mwanawe. Siku ile alipoanguka jikoni, povu mdomoni, na Mahfoudha wa miaka miwili kakaa kando yake analia, mama mkwe wake Bi Ghaniya alimbeba mtoto akampeleka kwake, mtaa wa pili hapo hapo Nizwa, Omani. Akatoa na hukumu: Rahila ana jini, na mwenye jini halei mtoto. Marhun, mumewe Rahila, mwenye mshahara wake wa serikali na sharubu zake nzuri, alijikuna kichwa tu. Mbele ya mama yake alikuwa hana kauli.

Rahila akafukizwa, akasomewa, akanyweshwa kombe la aya zilizooshwa kwa maji mpaka tumbo likamjaa, na akaanguka vile vile. Mwaka huo, themanini na sita, akasikia kuna daktari Maskati anafanya utafiti wa kifafa na kipanda uso, ana mashine inayopiga picha ubongo ndani ya fuvu. Akamwambia mumewe, "Utanipeleka, au nitakwenda kwa teksi. Chagua."

Bi Ghaniya akafuatana nao ili akaione aibu ya Rahila kwa macho yake. Kufika kule akadai na yeye apigwe picha: kipanda uso kinamsumbua miaka ishirini, na hakutoka Nizwa kwa joto lile kuja kukaa kwenye benchi. Akapigwa.

Daktari alimwonyesha Rahila doa dogo jeupe upande wa kushoto. Kovu, akasema, huenda la homa ya utotoni, na hapo ndipo kifafa kinapoanzia. Akampa vidonge, asubuhi na jioni. Kwa wiki sita Rahila hakuanguka hata mara moja. Akarudi Maskati, akaja na bahasha mbili za picha.

Ijumaa alasiri wanawake wa mtaani walikuwa wamejaa kwa Bi Ghaniya, kahawa na halwa. Rahila akaingia, akaamkia, akabandika picha kwenye kioo cha dirisha ili jua lipenye.

"Nini tena hicho?" akauliza Bi Ghaniya.

"Kichwa changu, Mama. Nimekuja kumchukua mwanangu. Mnasema nina jini. Haya, nionyesheni."

Bi Ghaniya akavaa miwani, akatazama, kisha akapiga kelele. "Wallahi huyu hapa! Tazameni pembe zake!"

Na kweli, katikati ya ubongo palikuwa na alama mbili nyeusi zilizopinda. Wanawake wakajivuta nyuma, mmoja akamwaga kahawa yake.

Rahila akafungua bahasha ya pili. Akatoa picha ya pili, akaishikilia kando ya ile ya kwanza, kidole gumba chake kimefunika sehemu ya chini.

"Na hapa?"

"Huyo huyo! Tena hapa kanona!"

"Una hakika, Mama?"

"Naapa!"

Rahila akaondoa kidole. "Bi Kaltham, wewe msomi, tusomee jina."

Jirani yule akasogea, akasoma Kiarabu chake polepole, sauti ikimfifia. "Ghaniya binti Hashil."

Bi Ghaniya akavua miwani.

"Hizo pembe ni vyumba vya maji ya ubongo," akasema Rahila. "Kila binadamu anavyo. Jini simkatai, Mungu kamtaja. Lakini kama pembe ndizo ushahidi, basi mtoto huyu hata hapa hafai kukaa. Kwangu yuko dada yangu Shukriya, jiko atashika yeye mpaka dawa inikolee. Na Marhun yuko nje garini. Nimemwambia asizime injini."

Akaingia chumba cha ndani, akatoka na Mahfoudha kamng'ang'ania shingoni. Akaelekea mlangoni.

"Na mimi?" Bi Ghaniya akamwita, sauti imepungua. "Daktari kasemaje kuhusu kichwa changu?"

Rahila akageuka mlangoni.

"Kizima, Mama. Hakina hata kovu. Huna kisingizio."