Ndevu za Mahindi Maabarani

"Spiriti? Dawa yangu mmeiloweka kwenye spiriti?" Muuza miti shamba aliinua chupa, akaitikisa. "Binti, hata mlevi hanywi hivi."

Mtafiti alicheka, kisha akaona mgeni wake hacheki. "Ndio utaratibu wetu, Mama."

"Na wangu ni huu."

Akatoa sufuria kikapuni, akaomba jiko. Ndevu za mahindi zilizoanikwa kivulini, konzi mbili, maji yatokote mpaka yawe rangi ya asali, ufunike, usichungulie. Kwa miaka ishirini aliwauzia wenye mkojo wa kuchoma. Leo hakuwa tayari dawa yake ihukumiwe kwa pishi la mtu mwingine.

Nyumbani, mdogo wake, fundi cherehani, alikuwa akiinywa kwa siku ya tatu. "Hospitali nifuate nini, na dada ninaye?" ndiyo ilikuwa tambo yake kwa kila mteja.

Kesho yake asubuhi mtafiti alimwonyesha kisahani walichooteshea vijidudu vya ugonjwa wa mkojo. Kuzunguka kidonge cha antibayotiki palikuwa na duara safi, kama pamefagiwa. Kuzunguka tone la dawa yake, vijidudu vilikuwa vimejazana, havina habari.

"Hii ndiyo ya sufuria?"

"Ndiyo yenyewe, Mama. Labda inasaidia mkojo utoke, hilo hatujalipima. Ila hawa haiwaui."

Na spiriti angebishana mpaka jioni. Na sufuria yake mwenyewe angebishana vipi?

Nyumbani alimkuta mdogo wake amejikunyata kitandani na sweta, jua la saa sita likiwaka dirishani, mkono umeshika ubavu. Homa ilikuwa imempanda asubuhi hiyo.

"Vaa viatu."

"Nimalizie kikombe kwanza, Dada."

"Kiache."

"Wateja wako wakituona hospitali watasema nini?"

"Watasema tumekwenda hospitali. Vaa!"

Nesi aliuliza mgonjwa ametumia dawa gani.

"Yangu," alisema, kwa sauti iliyogeuza vichwa vya foleni nzima. Vichwa viwili alivijua; kimoja kilinunua juzi. "Siku nne. Haikumponya."

Mgonjwa alipewa kikopo cha mkojo. Dada mtu akasimama nje ya mlango wa choo, mkoba wa mwenzake kwapani, sikio kwenye ubao. Kimya. Kisha tone. Kisha mawili, na mguno.

"Niko hapa," aliuambia mlango. "Usiharakishe."