Siku ya Kupokea Wageni

Mara ya kwanza kitambaa kilitoka dirishani cheusi. Mara ya pili, kijivu. Mara ya tatu kikatoka cheupe, na Rumini akatabasamu. Nyuma yake binti yake Wening alikuwa amekaa mkekani, mikono magotini, akivuta pumzi kama avutaye ndoo nzito kisimani.

"Vumilia, mwanangu. Leo wakaguzi wa jiji wakiliona vumbi, ghala la makaa ya mawe hapo jirani litafungwa."

"Mbona sasa unalifuta, mama?"

"Mjomba wako kasema. Mgeni hapokelewi kwenye uchafu."

Darsono, kaka yake, ndiye aliyewaongoza majirani hadi lango la ghala, akapiga kelele lifungwe mpaka sauti ikamkauka. Jakarta nzima ilimwona. Jana alimletea Rumini sabuni na ndoo mpya. "Mdogo wangu, usitutie aibu mbele ya wakubwa. Osha hadi majani ya asumini." Nani angemshuku mtu wa tumbo moja naye?

Wakaguzi walikuja wawili, Darsono mbele, shati kachomekea. Rumini akawamiminia chai. Mmoja akapitisha kidole dirishani, akakitazama.

"Mama, hapa panang'aa kuliko ofisini kwangu!"

"Nimesafisha kwa ajili yenu, bwana. Rudini kesho bila taarifa, mtaona—"

"Na mtoto, anaumwa nini?"

"Huyo?" Darsono alidakia. "Mama yake anapikia kuni humu ndani. Nimemwonya mpaka nimechoka."

"Kuni zipi, kaka? Si wewe uliyenibebea mtungi wa gesi?"

Mtungi ulikuwa pale pale, wa kijani, kando ya mlango. Hakuna aliyegeuza kichwa.

"Dada zetu hawa kwa ubishi!" Darsono akacheka. Wakaguzi wakacheka naye, wakainuka bila kugusa chai.

Aliwasindikiza hadi garini, kisha akarudi mlangoni peke yake.

"Wenye ghala wamenipa usimamizi wa lango, Rumini. Usinitazame hivyo. Dawa za mtoto nitanunua mimi."

Gari lilipokata kona, mashine za ghala, kimya tangu kulipokucha, zikaanza kunguruma. Wening akakohoa, akatafuta pumzi, akakohoa tena. Rumini alikuwa bado ameshika sinia. Juu ya chai ya wageni chembe nyeusi ikatua, kisha nyingine, na nyingine, hadi glasi zote mbili zikaota ngozi nyeusi.